Damu Ile Haikuwa Yangu

Ndhiwa, Jumapili alasiri

Awiti,

Umeondoka asubuhi kwenda Mbita kumuaga baba yako dukani kwake, na umesema utarudi kabla giza halijaingia. Kwa hiyo nina mchana mmoja tu. Nimefunga mlango wa mbele, nimewaacha kuku wajitafutie, na nimeketi kwenye meza hii ambapo nimesahihisha insha za watoto wa watu kwa miaka ishirini na mitatu. Leo naandika yangu, na anayesahihisha ni wewe.

Sitakuambia ubebe sweta. Sitakuambia unywe maji mengi wala umeze vidonge kwa wakati, maana tangu uwe na miaka saba umekuwa ukijihesabia vidonge vyako mwenyewe na kunigombeza mimi nikichelewa kuleta maji. Mambo ya kila siku unayaweza. Hata maumivu unayaweza kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nilikuona ukimaliza karatasi ya Kemia huku umeuma leso.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho lugha yangu ya kazi. Kwa Dholuo ningelia kabla ya mstari wa tatu, na leo sina nia ya kulia. Nina hasira, sehemu kubwa yake juu yangu mwenyewe, na hasira yangu huwa inapanga sentensi vizuri zaidi kwa Kiswahili.

Wiki hii utakuwa katika hospitali ya ng'ambo. Watatoa chembe za uboho wako, wazipeleke maabara, wabadilishe kipande kidogo cha jeni zako, kisha wakurudishie mwilini zikiwa zimejifunza kutengeneza damu isiyopinda. Umenieleza jambo hilo mara kumi, na mara ya kumi nililielewa. Lakini faili wanayokusubiri nayo ina uongo ndani yake. Katika barua ya maombi uliwaandikia hivi: "Ugonjwa wangu haukugunduliwa hadi nilipokuwa na miaka sita kwa sababu kliniki ilichanganya chupa za damu." Uliandika kwa moyo safi, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyokufundisha. Hakuna aliyechanganya chupa, Awiti. Uongo huo ni wangu, na sitakubali upande ndege pamoja nawe.

Kwa hiyo ukirudi nitakupa barua hii, na utaisoma hapa mezani nikiwa nimekaa mbele yako. Nilifikiria kuitia kwenye mkoba wako uikute ukiwa mbali. Nikajiambia huo ni uoga, na uoga wangu tayari umekugharimu vya kutosha.

Jina lako unalijua. Awiti ni mtoto aliyetupwa. Umeshachokozwa nalo shuleni na ukanijia ukilia, nami nikakuambia ni jina la heshima, ambayo ni kweli, ila sikukuambia yote.

Kabla yako kulikuwa na Otieno na Akinyi. Otieno alikaa nasi miezi kumi na mmoja. Akinyi alifika miaka miwili na alikuwa ameanza kuimba. Wote wawili walivimba mikono, wakapauka macho, wakaenda. Tuliambiwa wa kwanza ni malaria, wa pili ni upungufu wa damu. Ulipozaliwa wewe, nyanya yako, Dani, mama yake baba yako, hakusubiri kuambiwa la tatu. Siku ya nne asubuhi alikuchukua ukiwa umefungwa kwenye kipande cha shuka kuukuu, akakulaza pale nyuma ya boma ambapo njia ya kisima inapita kando ya jalala, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani, "Huyu simtaki. Ni takataka, nimetupa." Akaja Mama Rosa, jirani yetu, mwanamke mwenye watoto sita na wote hai, akiwa na mtungi kichwani kana kwamba anapita tu. Walikuwa wameshapatana. Akapiga kelele, "Nimeokota mtoto! Nani ametupa mtoto mzuri hivi?" Akakupeleka kwake. Saa sita mchana Dani akanishika mkono, tukaenda kwa Mama Rosa, nikapiga magoti mlangoni na kuomba kazi ya kukunyonyesha.

Tangu siku hiyo nikawa mlezi wako. Mbele ya watu sikuruhusiwa kukuita mtoto wangu. Dani alisema kifo kilikuwa kimeshajua njia ya kuja kuchukua vilivyo vyangu, basi kikija kisikute chochote kilicho changu. Ndiyo maana ulikua ukimwita Mama Rosa "Mama" na mimi ukaniita "Mwalimu", kama watoto wengine wote wa Ndhiwa. Ulipokuwa mkubwa ukajua mimi ni nani, lakini jina lilikuwa limeshazoea mdomo wako.

Cheka ukitaka. Mimi niliyepiga magoti pale mlangoni nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu. Likizo ya uzazi ilipoisha nilikuwa na somo la sayansi na darasa la sita, tukichora chembe nyekundu na chembe nyeupe ubaoni kwa chaki za rangi. Mchoro ulikuwa mzuri sana. Ukishazika wawili, Awiti, unatupa wa tatu kwenye jalala bila kubishana na mtu, mradi kuna wa kumwokota. Simlaumu Dani hata kidogo. Alikuwa anapigana na kitu asichokijua kwa silaha aliyokuwa nayo, na alipigana vita hiyo kwa bidii kuliko mimi.

Kosa ninalokuambia leo lilikuja baadaye, na halikuwa la Dani.

Ulikuwa na miezi saba mikono yako ilipovimba kama mandazi. Tulikupeleka kliniki watatu: mimi, Dani na Mama Rosa. Dani alikuwa ameweka sharti kwamba mahali popote penye ugonjwa akubebe Mama Rosa, mimi nibebe mfuko wa nepi. Daktari alikuwa kijana mpole, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Alikushika vidole kimoja kimoja, akauliza kama kuna watoto waliokufa katika familia. Dani akanitazama mimi. Mimi nikatazama sakafu. Daktari akasema, "Mimi nashuku sikoseli. Lakini huyu bado mdogo, ile damu ya utotoni inaweza kudanganya mashine. Wacha nianze na wazazi. Mama wa mtoto akuje hapa tutoe damu."

Mama Rosa akasimama.

Nakumbuka rangi ya benchi lile, kijani kilichobambuka, kwa sababu nililiangalia muda wote sindano ilipokuwa ikiingia mkononi mwake. Ningeweza kusimama. Nilijua kipimo kinatafuta nini, nilikuwa nimekifundisha. Nilijua kwamba damu ya Mama Rosa haina la kusema juu yako. Lakini mlango ulikuwa wazi, foleni imejaa watu, na nilihisi nikisema tu "mama ni mimi", kile kitu kitasikia na kunifuata nyumbani kwa mara ya tatu. Nikabaki nimekaa na mfuko wa nepi mapajani.

Wiki iliyofuata baba yako alikuja kutoka Mbita akapimwa peke yake. Hakuna aliyemwambia ni nani aliyetoa damu ya mama. Majibu yakaandikwa katika kijitabu chako cha kliniki: Baba AS, yaani ana jeni moja ya ugonjwa, Mama AA, hana hata moja. Na chini yake, kwa mwandiko mzuri wa yule daktari: si selimundu, yaani si ile sikoseli. Alikuwa na haki ya kuandika hivyo. Mtoto hawezi kuwa na ugonjwa huo kama mzazi mmoja ni AA. Lazima jeni ije kutoka pande zote mbili. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Ni mimi niliyempa namba isiyo yangu.

Miaka mitano na nusu, Awiti. Kila ulipougua, kila daktari alifungua kijitabu, akasoma mstari ule, akafunga. Ukapewa dawa ya malaria. Ukapewa dawa ya baridi yabisi. Mmoja akasema unajidekeza. Mguu wako wa kulia ulianza kuchechemea ukiwa na miaka mitano, na mimi nikawa nakukanda kwa maji moto na kukuambia utapona, nikijua ndani ya kifua changu kuna sentensi moja ya maneno matatu ambayo ingekupeleka kwa daktari anayefaa. Baadaye niliuliza kama mguu ungepona lau tungejua mapema. Daktari alisema hawezi kujua kwa hakika. Alikuwa ananihurumia.

Aliyekupima wewe mwenyewe hatimaye ni yule daktari msichana kule Migori, siku tuliyokuwa tumeenda kwenye harusi ukaanguka. Hakufungua kijitabu kwanza. Alitoa damu, akarudi na jibu, SS, jeni mbili za ugonjwa, ndipo akafungua. Alilinganisha, kisha akaniangalia, akidhani mimi ndiye mama aliyepimwa.

"Mwalimu, hii hesabu haiingii. Mama akiwa AA, huyu mtoto hawezi kuwa SS. Kuna kitu hapa."

Nilikuwa na nafasi ya pili. Mungu hampi kila mtu nafasi ya pili. Nikasema, "Pengine kule kliniki walichanganya chupa, daktari."

"Inaweza kutokea," akasema. "Basi tukupime wewe upya."

"Leo nimechelewa gari," nikasema.

Hivyo ndivyo chupa zilivyochanganyika. Baba yako aliposikia, alipanda gari hadi kliniki akamfokea yule kijana mbele ya wagonjwa wote. Alimwambia mikono yake imeua miaka ya mtoto. Na yule kijana, Awiti, kwa kuwa hakuwa na njia ya kujua, akaomba msamaha. Baba yako alirudi akanisimulia kwa fahari, nami nikamwekea chakula. Wewe ukakua na hadithi hiyo. Umeisimulia kwenye kambi za wagonjwa, umeisimulia redioni, na sasa umewaandikia wazungu. Kila ulipoisimulia nilikuwa najisikia nimerudi kwenye lile benchi.

Sasa umejua. Kama unataka kuacha kusoma uende nje ukapige kelele, nenda. Mimi sitoki hapa.

Kama bado unasoma, basi nikuambie kwa nini nimesema leo, mbali na ile faili. Nimekuona mwezi huu mzima ukibebwa huku na huku na watu wenye maoni. Kila mtu ana neno juu ya damu yako. Na mimi, ambaye nilishawahi kuiamulia damu yako bila wewe, nimejifunza jambo moja kwa gharama yako, na ni aibu nikae nalo kimya.

Jana baada ya ibada ya Sabato alikuja Mzee Silvanus, mzee wa kanisa, akaketi kiti cha baba yako. Ulikuwa jikoni, lakini najua ulisikia, kwa sababu sufuria ziliacha kugongana.

"Mwalimu, hiyo kitu mnataka kufanyia mtoto, hiyo si ya Mungu. Mungu alimuumba hivyo."

"Mzee, yule ng'ombe wako wa gredi anayekupa lita kumi na tano, aliumbwa wapi? Si daktari wa mifugo alikuja na mbegu za dume kwenye mtungi wa baridi kwa pikipiki?"

"Ah, mwalimu. Ng'ombe ni ng'ombe."

"Na Awiti?"

Akaomba chai. Nilijisifu mpaka jioni. Lakini baadaye jibu langu lenyewe likaanza kunikera, kwa sababu Mzee Silvanus bila kukusudia alikuwa amesema kweli. Ng'ombe wa gredi anachaguliwa kwa maziwa. Ndama asiye na maziwa anaenda buchari, na hakuna anayemlilia. Siku watu watakapoanza kuchagua watoto kwa namna hiyo, wale wenye pesa za kuchagua, watoto wa kwanza kuachwa nyuma ya boma ni wenye damu kama yako, na hapatakuwa na Mama Rosa anayepita na mtungi. Kwa hiyo nikamjibu mzee kwa ubishi, ila swali lake sijalimaliza.

Na wewe uliniuliza lako. Tulikuwa tunabangua karanga barazani, mwezi uliopita. Ukasema bila kuinua uso, "Mwalimu, na kama wakati ule wangeweza kunibadilisha nikiwa bado kiinitete, kabla sijakuwa mtu, ungekubali?" Nikasema, "Maliza karanga." Ukacheka, lakini hukuniangalia tena siku ile. Najua ulifikiri nini. Ulifikiri nilitamani mtoto mwingine.

Jibu ni hili. Ningekubali. Ningetia sahihi bila kusoma, hata kama karatasi ingesema watabadilisha na macho na sauti yako. Mtu aliyetoka kuzika anatia sahihi chochote anachowekewa mbele. Ndiyo maana nasema mtu kama mimi asiulizwe peke yake. Wala wasiulizwe peke yao wale ambao hawajawahi kuzika, wanaokaa kwenye mikutano yenye viyoyozi na kusema maumivu yana thamani yake. Waje wakae kando ya kitanda chako siku moja tu, halafu warudi kwenye mkutano.

Kesho wakisema wanabadilisha damu ya Awiti, mimi namwona Awiti. Ana miaka ishirini, amesoma kurasa arobaini za fomu yao na kuzichora kwa kalamu nyekundu aliyoniibia mimi. Anaweza kuinuka hata akiwa mlangoni mwa chumba cha matibabu akasema hapana, na hapana yake ikasimama. Mabadiliko yatakayofanywa yanaishia mwilini mwake, na anayeubeba mwili huo ameulizwa. Lakini wakibadilisha kiinitete, wanabadilisha mtu ambaye hajasema lolote, na watoto wake, na watoto wa watoto wake, na sisi tulioamua tutakuwa tumeshaoza mtu wa kwanza atakapouliza ni nani aliyesema sawa. Mimi niliamua juu ya damu yako ukiwa na miezi saba, kwa upendo, mbele ya watu walionipenda, na nilikosea. Kosa langu lilikaa ndani ya mwili mmoja. Nikifikiria kosa la namna hiyo likikaa ndani ya ukoo mzima, nywele zinanisimama.

Sisemi wasifanye kamwe. Sijui. Huenda siku moja watajua vya kutosha, na mama mwingine hapa Ndhiwa asizike yeyote, nami nitapiga vigelegele kaburini. Nasema tu kwamba upendo hautoshi kumpa mtu ruhusa. Mimi nilikuwa nao mwingi.

Kwa hiyo sikiliza. Mwishoni mwa fomu yao kuna ukurasa unaouliza kama damu na chembe zitakazobaki zinaweza kutumika katika utafiti mwingine wowote. Nimeusoma. "Wowote" ni neno kubwa. Utaletewa ukurasa huo ukiwa umechoka, na nesi atakuwa mzuri, na utajisikia una deni la wema. Usitie tiki kwa sababu ya shukrani. Hawakufanyii hisani. Wanahitaji damu yako kama vile wewe unavyohitaji mashine zao, na watu wa ziwa hili wameshatolewa damu na watafiti mara nyingi wakaambiwa asante na kipande cha sabuni. Uliza inakwenda wapi. Uliza nani ataiona. Wakisema ni ngumu kueleza, waambie una mwalimu nyumbani aliyefundisha hesabu za sehemu kwa watoto wenye njaa, kwa hiyo hakuna kisichoelezeka.

Kuna na lile la uzazi. Zile dawa kali watakazokupa kwanza kusafisha uboho zinaweza kukuondolea uwezo wa kuzaa. Wamekuambia, na wamesema wanaweza kukuhifadhia mayai kabla. Shangazi yako alipiga simu Ijumaa, "Sasa huyo mtoto akikosa kuzaa, nani ataoa yeye?" Nikamwambia aliyetaka kuoa kizazi bila mtu aende akatafute sokoni. Alikata simu. Wewe amua unavyotaka. Ukitaka kuhifadhi, hifadhi. Usipotaka, usitake. Ukoo wetu hauna kiti katika chumba hicho, na mimi pia sina.

Na mtu yeyote, wa hapa au wa huko, asikuambie unaenda kuondolewa damu mbovu. Yule daktari wa Migori alinieleza: mwenye jeni moja tu ya aina hii, kama mimi na baba yako, malaria kali haimwangushi kirahisi. Huku ziwani kwenye mbu, ndiyo iliyowabakiza hai babu zetu waliotuzaa. Inapokutana mbili ndipo inaumiza. Basi usiende kule umeinamisha kichwa kama mtu anayepeleka nguo chafu. Damu yetu ilifanya kazi yake, na wewe umelipa bei kubwa kuliko sisi wote. Sasa umechoka kulipa. Una haki ya kuchoka.

Jumatano iliyopita nilikuambia naenda Homa Bay kwenye mkutano wa walimu. Hakukuwa na mkutano. Nilikwenda maabara. Msichana wa dirishani alikuwa anaandika bila kuniangalia.

"Unapima nini, mama?"

"Selimundu."

"Ni yako ama ya mgonjwa?"

"Ni yangu. Inaenda kwenye faili ya mgonjwa."

"Uhusiano na mgonjwa?"

Kulikuwa na watu kama kumi na wawili nyuma yangu. Kulikuwa na mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Ilikuwa kama foleni ya siku ile, miaka ishirini baadaye. Nikashika ukingo wa dirisha nikasema, "Mimi ndiye mama yake." Nilisema kwa sauti ya darasani, ile ya kufika dawati la nyuma. Yule msichana akainua uso. "Sawa, mama, si lazima upige kelele," akasema, akaandika.

Majibu yangu yako nyuma ya barua hii, yamebanwa kwa pini. AS. Jeni yangu imekaa hapo wazi na mhuri juu yake. Nimempigia yule dada anayeratibu utafiti wa matibabu yako, nikamwambia ukweli wote, na jalala nikamwambia. Akasema nikupe karatasi hiyo mkononi, kwa sababu ugonjwa huu una aina zaidi ya moja na damu ya wazazi inawasaidia kuwa na hakika wanatibu aina gani. Kwa hiyo uongo wangu ungeweza kukudhuru mara ya pili. Ile sentensi ya chupa ufute mwenyewe, kwa ile kalamu nyekundu.

Baba yako nimemwambia Alhamisi. Nilikwenda dukani kwake, nikamwambia kati ya mashine za boti na makopo ya oili. Aliketi juu ya kreti. Nilitarajia anifokee. Akaniuliza tu, "Yule daktari yuko wapi siku hizi?" Nimeulizia. Ana duka la dawa Kisegi, si mbali sana na hapa. Ukishaondoka tutakwenda kwake wote wawili. Baba yako anasema atazungumza yeye kwanza, kwa sababu ndiye aliyepiga kelele. Tutaona.

Kuna siku ulinieleza kitu kimoja, nikajifanya natafuta miwani. Ulisema mtoto akiwa tumboni ana damu ya aina nyingine, isiyopinda hata kidogo, na akishazaliwa mwili unaizima taratibu na kuwasha hii ya ukubwani. Ndiyo ile iliyokuwa ingali ndani yako ukiwa na miezi saba. Wanachokwenda kukufanyia, ulisema, ni kuiwasha tena ile ya kwanza. Awiti, ile ndiyo damu uliyokuwa nayo ndani yangu. Miezi tisa ulikuwa mzima kabisa, hukuumwa hata siku moja, na mahali ulipokuwa ni hapa. Nyanya yako angeweza kukutupa mara mia na Mama Rosa akakuokota mara mia, hilo lisingebadilika.

Nasikia pikipiki inapanda kutoka barabarani, inawezekana ni wewe. Namalizia.

Kesho asubuhi watu watakuja kukuaga. Mzee Silvanus atakuja kuomba, kwa sababu ni mtu mwema hata akiwa mbishi. Shangazi atakuja na maneno yake. Mama Rosa atakuja na mkongojo, atalia, na utamwita "Mama", na usiache kumwita hivyo hadi afe, kwa sababu alisimama alipoitwa mama, na ni mimi niliyebaki kwenye benchi. Gari likishawashwa, nitakuita kwa sauti ya dawati la nyuma, mbele yao wote, kwa neno ambalo sijakuita mchana hata mara moja tangu uzaliwe. Hata barua hii sijaianza nalo. Ulipofungua ulikuta jina lako tu, na pengine hukushangaa, kwa kuwa umezoea. Na kama kile kitu kilichowachukua Otieno na Akinyi bado kimekaa kwenye ua huu kinasikiliza, kisikilize vizuri. Kimeshanidanganya miaka ishirini kwamba nikinyamaza kitapita. Kijue Awiti ni wangu, kije tupambane.

Nenda ukapone, nyathina. Mwanangu.

Mama yako